Karatasi za kupeleka kemikali nje kwa isotanki kupitia bandari ya Dar, hatua kwa hatua

Wadau, hii naiandika kwa ajili ya wenzangu wa kliaringi na nyie wenye viwanda mnaotaka kuanza kupeleka kemikali nje kwa isotanki, yani tanki lililofungwa ndani ya fremu ya kontena, maana simu zinazoingia ni zilezile, mtu tanki lake lishajaa, lori liko barabara ya Mandela, meli inafunga kupokea mzigo kesho mchana, alafu ndo anauliza "mkuu, karatasi gani zinatakiwa?" Muda huo umeshachelewa. Karatasi za mzigo hatari zinaanza kuandaliwa kabla hata tone moja halijaingia kwenye tanki, kwa sababu karatasi ndio inasema tanki gani linaruhusiwa, ujaze kiasi gani, na meli gani itakubali kukubebea. Ukijaza kwanza ukatafuta karatasi baadae unaweza ukajikuta na lita elfu ishirini na kitu za kitu ambacho hakiwezi kusogea.

Kanuni yenyewe inaitwa IMDG Code, ni ya IMO, shirika la kimataifa la mambo ya bahari, na tangu 1 Januari 2004 sio hiari tena, iko ndani ya mkataba wa SOLAS, ule wa usalama wa maisha baharini, sura ya 7. Inabadilishwa kila baada ya miaka miwili, toleo la 42-24 ni la lazima kuanzia 1 Januari 2026. Kwa hiyo usitumie fomu aliyokuachia mtu aliyefanya kazi hii miaka ya nyuma bila kuikagua, vitu vinabadilika kweli, namba zinaongezwa na masharti yanahamishwa.

Nitatumia ethanoli kama mfano mpaka mwisho, ile spiriti kali inayotokana na molasi ya miwa, maana wengi mnaifahamu.

Hatua ya 1: ijue kemikali yako kwa jina lake rasmi

Omba SDS, yani karatasi ya usalama wa kemikali, kwa mtengenezaji mwenyewe, sio ya kudownload tu mtandaoni ya kampuni nyingine inayouza kitu kinachofanana. SDS ina sehemu 16. Ya 9 inakupa tabia za kemikali, ikiwemo fleshi pointi, yani joto la chini kabisa ambalo mvuke wake unaweza kushika moto. Ya 14 ndio ya usafirishaji, hapo unatafuta vitu vitano: namba ya UN, jina rasmi la usafirishaji, klasi ya hatari, kundi la ufungashaji, na kama ni kichafuzi cha bahari au sio.

Ethanoli ni UN 1170, klasi 3 yani vimiminika vinavyowaka. Kundi la ufungashaji linategemea ukali: fleshi pointi ikiwa chini ya nyuzi 23 ni kundi la II, ikiwa kati ya 23 na 60 ni kundi la III. Ethanoli ya asilimia 96 ni kundi la II bila ubishi. Mchanganyiko wa maji wenye alkoholi isiyozidi asilimia 24 kwa ujazo unatoka kabisa kwenye kanuni, kwa hiyo asilimia ni kitu cha kupima maabara, usikisie.

Na hapa kuna shimo watu wanaingia sana. Kama spiriti yako imetiwa sumu ili watu wasiinywe, ulizia imetiwa nini na kwa kiasi gani, maana kitu kilichoongezwa kinaweza kuleta hatari ya pili na kubadilisha hata namba ya UN. Methanoli kwa mfano yenyewe ni UN 1230 na inaandikwa 3 (6.1), maana yake inawaka na pia ni sumu. Swali hilo linajibiwa na mkemia wa kiwanda, sio na ejenti wala dereva.

Jina la biashara halikubaliki peke yake. Kiwanda kinaweza kuita bidhaa yake jina lolote zuri, ila kwenye fomu linaenda jina lililoko kwenye orodha ya IMDG. Na kama kemikali yako inaangukia kwenye yale majina ya jumla yanayoishia na N.O.S., yani kitu ambacho hakijatajwa kwa jina lake kwenye orodha, mengi yake yanataka uongeze kwenye mabano jina la kitaalamu la kitu kinacholeta hatari. Ukiliacha, laini ya meli itakurudishia fomu.

Hatua ya 2: karatasi za tanki lenyewe

Kila kemikali inayoruhusiwa kwenye tanki ina kodi yake ya T, yani msimbo unaosema inataka tanki la aina gani. Vimiminika vinaanzia T1 kwenda mpaka T22, gesi zilizogandamizwa kuwa kimiminika ni T50, na gesi za baridi kali ni T75. Ethanoli ya kundi la II inataka T4, methanoli T7, asidi ya salfuriki ya zaidi ya asilimia 51, ambayo ni UN 1830, inataka T8. Matanki mengi ya kukodi utakayokutana nayo ni T11 na hayo yanaruhusiwa kubeba kilichopangiwa T4 au T7, ila cha T8 hapana hata kama namba yake ni ya chini, na tanki la T4 haliruhusiwi kubeba cha T11.

Nenda kwenye tanki, usiridhike na picha ya WhatsApp. Kuna sahani ya chuma imegongwa maandishi, soma kodi ya T, ujazo wa lita, uzito mtupu, uzito wa juu unaoruhusiwa, na tarehe ya kipimo cha mwisho. Kila miaka 5 tanki linafanyiwa kipimo kikubwa cha presha pamoja na ukaguzi wa ndani na nje, na katikati, kila miaka 2 na nusu, kipimo cha kati cha kuvuja. Kimojawapo kati ya vipimo hivyo viwili kikishapita tarehe huruhusiwi kujaza na kulitoa lisafiri. Kuna nafuu kwa tanki lililojazwa kabla tarehe haijaisha, hilo linaweza kusafiri ndani ya miezi 3 baada ya tarehe kupita. Sasa hesabu safari nzima, kukaa yadi, baharini, na bandari ya kubadilishia meli, usiangalie siku ya kujaza peke yake.

Pembeni kuna sahani ya CSC, hiyo ni ya mkataba wa usalama wa makontena wa 1972, nayo ina tarehe yake au maandishi ya ACEP, yani mpango wa ukaguzi endelevu ulioidhinishwa. Ni vitu viwili tofauti na kimoja hakisimami badala ya kingine.

Kwa mwenye tanki omba nakala ya cheti cha kipimo cha karibuni na cheti cha usafi kinachosema tanki lilibeba nini mara ya mwisho na lilisafishwa wapi. Mabaki ya mzigo uliotangulia yanaweza kuharibu mzigo wako au kugombana nao kikemikali. Kagua pia gaskiti na valvu kama zinaendana na kemikali yako.

Hatua ya 3: vibali vya hapa nyumbani

Kemikali za viwandani na majumbani zinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, GCLA, kwa sheria ya mwaka 2003. Kampuni inatakiwa iwe imesajiliwa kwanza, alafu ndo unaomba kibali cha mzigo. Kama ni transiti ya kwenda Zambia au Kongo nayo ina kibali chake, usidhani kwa sababu haibaki Tanzania basi haiwahusu.

Kuna kemikali ambazo zinaweza kutumika kutengeneza dawa za kulevya, wenyewe wanaziita kemikali bashirifu, na hizo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inazifuatilia. Asidi ya salfuriki, asidi ya haidrokloriki, asetoni na toluini zote zimo kwenye orodha ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, kwa hiyo ukiwa na mojawapo ya hizo anza mapema zaidi. Viuatilifu vina njia yake, na taka hatari ndio kabisa zinahitaji NEMC, baraza la mazingira.

Forodha ya TRA ni ile mnayoijua. Ninachosisitiza ni kwamba jina la bidhaa kwenye dokumenti za forodha lifanane na la kwenye fomu ya DG, yani fomu ya mzigo hatari. Afisa akiona kwingine imeandikwa "industrial solvent" na kwingine ethanoli ana haki ya kusimamisha mzigo, na mimi ningekuwa yeye ningesimamisha.

Hatua ya 4: bukingi

Bukingi ya DG, yani kuomba nafasi melini kwa mzigo hatari, sio kama ya korosho. Laini, yani kampuni ya meli, inapokea SDS, namba ya UN, klasi, kundi la ufungashaji, fleshi pointi, namba ya tanki kama unayo na uzito, alafu inapeleka kwa watu wake wa mizigo hatari ambao wanaangalia meli, bandari zote za njiani na mizigo mingine iliyomo. Tanki lako linaweza kubadilisha meli Salalah, Jebel Ali au Colombo, na kila bandari ina masharti yake juu ya klasi gani inaweza kukaa yadi na kwa muda gani. Bandari moja ikikataa, njia nzima imekataliwa. Ndo maana jibu halitoki siku hiyohiyo, na ndo maana nasema usijaze tanki kabla jibu halijatoka kwa maandishi.

Kama kemikali yako inaogopa joto sema hapahapa. Sio kwenye barua pepe ya pembeni, hapa kwenye bukingi. Julai 2012 meli ya MSC Flaminia ilikuwa katikati ya Atlantiki imebeba isotanki tatu za divinylbenzene zilizopakiwa New Orleans. Ile kemikali ikipata joto inaanza kujiunganisha yenyewe na kuzalisha joto zaidi. Ikatokea moto na mlipuko, mabaharia watatu wakafa. Mwaka 2018 mahakama ya New York ikawabebesha lawama mtengenezaji wa kemikali na opereta wa matanki, sio meli. Tanki linalosubiri yadi ya Dar mwezi wa Februari linapigwa jua la kutosha, kwa hiyo kwa vitu kama stairini, ambayo lazima iongezwe dawa ya kuituliza, andika dawa imewekwa lini, inadumu mpaka lini, tanki likae mbali na joto na wapi lisipangwe. Watu walioko melini hawajui chochote kuhusu mzigo wako zaidi ya ulichoandika.

Hatua ya 5: kujaza, na hesabu yake iandikwe

Vimiminika vinatanuka vikipata joto, kwa hiyo tanki halijazwi mpaka mdomoni. Kwa ethanoli fomula ni 97 gawanya kwa 1 jumlisha alfa mara tofauti ya joto, ambapo alfa ni kiwango cha kutanuka na tofauti ya joto ni kutoka joto la kujazia mpaka nyuzi 50. Ethanoli ya 96 alfa yake ni kama 0.0011. Ukijazia kwenye nyuzi 30 inakuwa 97 gawanya 1.022, unapata kama asilimia 94.9. Tanki la lita 25,000 mwisho wako ni lita 23,700 hivi. Kwa vitu vikali zaidi kama methanoli au asidi ya salfuriki unaanza na 95 badala ya 97.

Na kuna kikomo cha chini ambacho watu wengi hawakitegemei. Tanki ambalo halina mabamba ya kuligawa ndani katika vyumba visivyozidi lita 7,500 haliruhusiwi kusafiri na kimiminika chepesi likiwa limejaa zaidi ya asilimia 20 lakini chini ya 80, kwa sababu mzigo unapigapiga ndani meli ikiyumba na unaweza kulipasua au kulipindua. Mteja anayetaka lita 15,000 tu kwenye tanki la 25,000 mwambie mapema atafute tanki dogo au lenye mabamba. Ukimwambia akiwa ameshalipia mtakosana.

Hiyo hesabu iandike kwenye karatasi, weka joto la kujazia, lita na kilo, asaini aliyejaza. Alafu VGM, uzito uliothibitishwa, ambao SOLAS inautaka kwa kila kontena lenye mzigo tangu 1 Julai 2016, isotanki ikiwemo. Njia rahisi ni kupima tanki zima likiwa limejaa kwenye mizani iliyokaguliwa, toa uzito wa lori na wa trela. Ethanoli yetu ya lita 23,700 ina kama tani 18.9, ongeza tanki tupu la tani 3.7 hivi, unapata 22.6. Mizani ikikupa 25 simama, kuna kitu hakiko sawa, ama kwenye tanki ama kwenye mizani.

Hatua ya 6: fomu ya DG yenyewe

Hii ndio moyo wa kazi yote, na ndio inayosainiwa na mtumaji mwenyewe, sio ejenti kwa kujisikia. Ejenti anaweza kuijaza ila anayesema "nathibitisha mzigo huu umeelezwa kikamilifu na kwa usahihi" ni mwenye mzigo au mtu aliyempa mamlaka kwa maandishi. Kama huelewi unachosaini usisaini.

Maelezo ya mzigo yana mpangilio wake na haupangwi unavyotaka: namba ya UN ikiwa na herufi UN mbele yake, jina rasmi, klasi na hatari ya pili kwenye mabano kama ipo, alafu kundi la ufungashaji. Mstari wetu unasomeka hivi:

UN 1170, ETHANOL, 3, II, 17°C c.c.

Hakuna kitu kinachoingizwa katikati ya vile vinne vya mwanzo, isipokuwa pale kanuni yenyewe inaporuhusu. Fleshi pointi inafuata kama ni nyuzi 60 au chini, na zile c.c. zinaonyesha kipimo kilifanywa kwenye kikombe kilichofunikwa. Namba hiyo utoe kwenye SDS yako, 17 ni ya huu mfano. Kama mzigo ni kichafuzi cha bahari unaongeza maneno MARINE POLLUTANT. Kiingereza kinatumika kwenye fomu, hata kama mnaongea Kiswahili kuanzia kiwandani mpaka gatini, kwa sababu atakayeisoma usiku wa manane baharini anaweza kuwa Mfilipino au Mhindi.

Vingine vinavyojazwa ni jina na anwani ya mtumaji na mpokeaji, namba ya tanki yenye herufi nne na tarakimu saba, namba za sili, idadi na aina ya chombo, yani tanki moja la kubebeka, uzito wa mzigo, uzito wa jumla, na tarehe. Laini nyingi zinataka pia namba za EmS, hizo ni kodi za ratiba za dharura za melini, ya kwanza ya moto na ya pili ya kumwagika. Ethanoli ni F-E, S-D. Na weka simu ya dharura inayopokelewa saa 24 na mtu anayeifahamu kemikali. Nimeshaona fomu imewekwa namba ya mapokezi ya ofisi inayofungwa saa kumi na moja jioni, hiyo ni sawa na kutoweka kitu.

Kabla hujatuma weka mezani SDS, bukingi, fomu, VGM, rasimu ya BL (hati ya mzigo inayotolewa na laini) na picha za tanki, alafu soma jina na namba kwa sauti karatasi moja baada ya nyingine, mtu mwingine akifuatilia. Tarakimu moja ikiteleza, 1170 ikawa 1710, umeshapeleka kemikali nyingine kabisa yenye klasi nyingine.

Kuhusu cheti cha upakiaji wa kontena: kwa mzigo wa mapipa ndani ya kontena la kawaida kile cheti ni lazima, kwa tanki kanuni inasema wazi hakihitajiki. Lakini fomu nyingi zimeunganisha vyote ukurasa mmoja na karani fulani atakuambia sehemu ile isainiwe. Mueleze kwa upole, mwonyeshe sura ya 5.4.2. Akishikilia na meli inakaribia kufunga kupokea mzigo, andika kwamba ni tanki, usisaini kwamba umepanga na kufunga mapipa ambayo hayapo.

Hatua ya 7: stika zilingane na karatasi

Tanki linawekwa stika kubwa za klasi pande zote nne, kila moja angalau milimita 250 kwa 250. Namba ya UN inakaa ndani ya stika au kwenye bamba la rangi ya chungwa pembeni yake, tarakimu ziwe na urefu wa milimita 65 au zaidi. Jina rasmi linaandikwa angalau pande mbili, nalo kwa herufi za milimita 65. Kichafuzi cha bahari kinaongezewa alama ya samaki na mti. Nunua stika za ubora, kanuni inataka zisomeke hata zikikaa miezi 3 ndani ya maji ya bahari, zile za kuchapisha karatasi na kubandika kwa selotepu zinatoka kabla lori halijafika Kurasini. Stika za mzigo wa zamani zote zibanduliwe. Piga picha pande nne, weka kwenye faili.

Hatua ya 8: getini na baada ya hapo

Opereta wa gati apewe taarifa ya DG mapema, na umuulize kama klasi yako inaruhusiwa kukaa yadi au inatakiwa iende moja kwa moja melini, meli ikiwa imeshatia nanga gatini. Jibu hilo linabadilisha mpango wa lori lote. Dereva abebe nakala ya fomu na SDS kwenye kabini, sio kwenye simu ya bosi. Bandarini laini inatumia fomu yako kutengeneza manifesti ya mizigo hatari inayoonyesha tanki lako limepangwa wapi melini, kwa hiyo marekebisho yoyote yafanye kabla haijatoka.

Faili lako litunze angalau miezi 3, kanuni inataka hivyo kwa mtumaji na kwa mbebaji. Mimi nashauri mwaka mzima na zaidi, madai ya uharibifu yanachelewa.

Na tanki likirudi tupu bila kusafishwa, bado ni mzigo hatari. Mvuke wa ethanoli uliobaki unaweza kuwaka vizuri kuliko tanki likiwa limejaa. Stika zinabaki, valvu zinafungwa, na fomu inaandikwa upya kwa mstari uleule ukiongeza RESIDUE LAST CONTAINED kabla au baada ya jina rasmi. Stika zinatoka tanki likishasafishwa na kuondolewa mvuke, na cheti cha usafi kikiwa mkononi.